UZI: Kama marehemu ameshafika mbinguni, kwa nini kaburini tunamlaza aelekee mashariki?

#1 Mwana_wa_Isyesye (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye mazishi mengi ya Kikristo huku Nyanda za Juu, kuanzia Tukuyu mpaka Mafinga, kaburi linachimbwa mashariki–magharibi. Kichwa magharibi, miguu mashariki. Ukiuliza sababu unapelekwa Mathayo 24:27: Bwana atakuja kama umeme utokao mashariki, basi marehemu akiinuka awe ameshamwelekea. Sawa. Lakini nusu saa kabla ya hapo, pale nyumbani, mhubiri kasema marehemu ametangulia mbinguni, yuko kwa Baba, tutamkuta huko. Na kabla ya mhubiri, mzee wa ukoo kashika udongo kamwagiza marehemu awasalimie "wa chini".

Msiba mmoja, anwani tatu. Kama yuko juu, huyu tuliyempimia jua anasubiri nini? Kama anasubiri, basi juu hajafika. Kama yuko chini na wazee, mbona tunaogopa kulisema kanisani?

Wanaojua mafundisho na wanaojua makaburi, karibuni. Matusi ya madhehebu tuyaache nje ya uzi.

#2 Katekista_Mafinga

Kamwene. Swali hili liliwahi kumtia matatani Papa. Yohane XXII, mwaka 1331 na 1332, alihubiri pale Avignon kwamba roho za watakatifu hazimwoni Mungu uso kwa uso mpaka hukumu ya mwisho. Wanateolojia wa Paris wakampinga waziwazi. Alipokuwa karibu kufa, 1334, akayaondoa maneno yake. Mrithi wake Benedikto XII akafunga mjadala kwa tamko la 1336: aliye safi anamwona Mungu mara tu baada ya kufa, hata kabla hajarudishiwa mwili, anayehitaji kutakaswa anapita kwanza toharani, aliyekufa katika dhambi ya mauti anashuka motoni papo hapo.

Kwa hiyo kwetu hukumu ni mbili. Ya binafsi ni saa ile ya kufa, ya wote ni siku ya mwisho. Mhubiri anaongelea roho, mchimba kaburi anaongelea mwili. Mwili una miadi, ndiyo maana tunabariki kaburi, tunanyunyiza maji ya baraka na kufukiza ubani. Kama pale pangekuwa na taka tu, ubani ungekuwa wa nini?

#3 Msubiri_Asubuhi

Katekista, hayo ya 1336 ni ya wanadamu. Maandiko yanasema wafu hawajui neno lolote (Mhubiri 9:5). Yesu mwenyewe alisema Lazaro amelala (Yohana 11:11), na Paulo anasema wafu katika Kristo watafufuliwa kwanza (1 Wathesalonike 4:16). Wangekuwa wameshafika, wangefufuliwa waende wapi? Mtoa mada kajibiwa na kaburi lake mwenyewe: marehemu amelala, na mhubiri wa pale nyumbani ndiye aliyekosea. Hata mateso ya jehanamu hayajaanza. Ufunuo 20:14 panaitwa mauti ya pili, na mauti ni kwisha, siyo kuungua bila mwisho.

#4 Mlutheri_wa_Kidugala

Na mwizi pale msalabani? Luka 23:43, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi."

#5 Msubiri_Asubuhi

#4, hati za kale za Kigiriki hazikuwa na mkato. Sogeza mkato uje baada ya "leo": "Amin, nakuambia leo, utakuwa pamoja nami." Ahadi imetolewa leo, safari ni baadaye.

#6 Mlutheri_wa_Kidugala

Kuhusu mkato uko sahihi, hati za kwanza hazikuwa nao. Lakini "amin, nakuambia" imo mara nyingi sana kwenye Injili, na hakuna mahali pengine Yesu alipoifunga na neno la wakati. Hilo moja ndilo linaloufanya mkato wako uwe mzito kuusogeza. Hata hivyo nikutendee haki: Luther mwenyewe mara nyingi alikiita kifo usingizi, na Calvin akaandika kitabu kizima kupinga wazo la roho kulala. Kwa hiyo hata kwetu wanamageuzi jambo hili halikuwa na jibu moja. Na Mathayo 25:46 nayo uipitie, "adhabu ya milele" na "uzima wa milele" vimewekwa sentensi moja. Ukifupisha kimoja, kingine unakiacha vipi?

#7 Koleo_na_Mtaimbo (Uyole)

Wakuu wa mistari, naomba tushuke shimoni kidogo. Hiyo mashariki mnayobishania mnaipataje?

Mtoa mada kasema "kupimia jua", na hapo ndipo makosa yanapoanzia. Jua linachomoza mashariki kamili mara mbili tu kwa mwaka, kwenye 21 Machi na 23 Septemba. Mwezi wa sita linachomoza karibu digrii 24 upande wa kaskazini, mwezi wa kumi na mbili digrii hizo hizo upande wa kusini. Kaburi la futi 7 na nusu ukilikosea digrii 24, ncha moja inahama futi 3. Futi 3 ni upana wa kaburi la jirani. Ndiyo maana kwenye makaburi ya zamani unakuta la Juni limeelekea huku na la Desemba kule, na koleo la mchimbaji linagusa ubao wa mtu mwingine.

Dira ya simu nayo ina masharti. Weka sururu na mtaimbo mbali, hatua kumi. Na maeneo ya Rungwe yale mawe meusi ya volkano yana chuma ndani, ukiweka simu juu ya jiwe sindano inakudanganya.

Njia inayokosea kidogo tu: chomeka mti wa mita 1 umesimama wima penye jua, karibu saa sita na nusu mchana. Weka kijiti kwenye ncha ya kivuli. Subiri dakika 30. Weka kijiti cha pili kwenye ncha mpya. Kijiti cha kwanza ni magharibi, cha pili ni mashariki. Vuta kamba ya katani kati yake, hiyo ndiyo mistari ya kaburi lako. Kichwa kikae upande wa kijiti cha kwanza.

#8 Ustadhi_Mwanjelwa

Assalaam aleikum. #7 Mungu akulipe, hiyo ya kivuli hata sisi inatufaa, maana kaburi la Muislamu huku nalo linalala karibu mhimili huo huo. Makka kutoka Mbeya iko kaskazini, ikisogea kama digrii 12 upande wa mashariki. Kutoka Iringa ni kama digrii 8. Maiti analazwa ubavu wa kulia, uso kibla. Ukifuata hayo mawili, kichwa kinakuja mashariki na miguu magharibi, kinyume kabisa na Mkristo. Watu wengi hawalijui hili, wanadhani tofauti ni sanda na jeneza tu.

Mwanandani, kijishimo cha kumlaza maiti, unachongwa kwenye ukuta wa upande wa kibla, maana yake ukuta wa kaskazini. Udongo ukiwa dhaifu usilazimishe, chimba mfereji katikati ya shimo. Vifungo vya sanda vinalegezwa, shavu linagusa udongo, halafu mwanandani unazibwa kwa mbao au tofali mbichi. Tofali za kuchoma wanazuoni wanazichukia, zimepita kwenye moto.

Kuhusu swali lenyewe, sisi tuna jina la mahali anaposubiri: barzakh. Siyo mbinguni wala siyo duniani. Malaika Munkari na Nakiri wanakuja, anaulizwa Mola wako nani, dini yako ipi, Mtume wako nani. Kuanzia hapo kaburi linamkunjukia au linambana mpaka Kiyama. Pepo na Jahannamu hazijaingiwa bado, ila harufu ya moja au joto la nyingine vinamfikia. Kwa hiyo Msubiri_Asubuhi kapata kwamba anasubiri, na Katekista kapata kwamba anayesubiri ana habari.

#9 Mngoni_wa_Songea

Wahehe mnasubiri nini kuchangia? Au mnasikilizia kwanza nani anashinda?

#10 Binti_Kalenga

#9 mtani, tulikuwa tunakuachia nafasi umalize kubisha.

Nije na langu. Mnaongea kana kwamba kila maiti ana kichwa na miguu mahali pamoja. Mtwa Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898. Kiwiliwili kiko Mlambalasi. Kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, kikaingia hadi kwenye mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, na kikarudi Juni 1954 gavana Twining alipokikabidhi kwa Chifu Adam Sapi. Leo kiko makumbusho ya Kalenga, nyuma ya kioo. Kimeelekea wapi? Mashariki gani? Kama miadi ni ya mwili, huyu ataitikia kutoka Mlambalasi au Kalenga?

Kwa mila yetu jambo hili lina uzito kuliko mnavyodhani. Masoka, wale wazee waliotangulia, wanatajwa mahali walipozikwa. Ndiyo maana kichwa kilidaiwa miaka yote ile. Watu hawakukililia kama kumbukumbu ya vita tu.

#11 Katekista_Mafinga

Dada, swali lako waliulizwa Wakristo wa kwanza. Mashahidi walitupwa kwa wanyama wakali, wengine wakachomwa. Jibu likawa kwamba aliyeuumba mwili kutoka mavumbini hahitaji uwe mzima ili auinue. Kwa msingi huo Kanisa Katoliki liliruhusu kuchoma maiti mwaka 1963, mradi mtu asifanye hivyo kwa kuukana ufufuo, na majivu yatunzwe mahali patakatifu, yasitawanywe. Kwa hiyo mashariki ni ishara tu. Kuikosa hakumkoseshi mtu mbingu.

Niongeze: kanisani jeneza la mlei linawekwa miguu kuelekea altare, la padre kichwa kuelekea altare, kama alivyokuwa akisimama kuwatazama waamini. Hiyo nayo ni ishara.

#12 Mwana_wa_Isyesye

Katekista, kama ni ishara tu, mbona likichimbwa kaskazini–kusini kwa bahati mbaya watu wanagoma kushusha jeneza?

#13 Mwalimu_wa_Lugha_Njombe

Wakati mnajibu hilo, neno "kuzimu" limepigwa chenga huko nje muda mrefu. Wahubiri wengi wanasema linatokana na kuzima, mahali taa ya mtu inapozimika. Huenda, ila siyo moja kwa moja. Ni shina la mzimu, mizimu, zimwi, wazimu. Kuzimu ni kwa mizimu, waliko wazee wa chini. Shina hili limeenea lugha nyingi za Kibantu, lilikuwepo kabla ya Biblia kufika pwani. Watafsiri walipohitaji neno la Sheoli ya Kiebrania na Hadesi ya Kigiriki wakalichukua, na kwa maana hiyo lilifaa, maana Sheoli ni makao ya wafu wote, wema na wabaya. Yakobo mwenyewe alitarajia kushuka huko.

Jehanamu ni jambo lingine kabisa. Ni bonde la Hinomu, kusini mwa Yerusalemu, walikochoma watoto kwa Moleki mpaka mfalme Yosia akalitia unajisi (2 Wafalme 23:10). Likapita kwenye Kiarabu, likatufikia. Na pepo na upepo wamekaa nyumba moja. Peponi pana hewa. Kwa mtu wa pwani penye joto hilo lina maana yake.

Kwa hiyo mzee wa #1 aliyewasalimu "wa chini" hakusema uchawi. Alisema kuzimu kwa maana yake ya kwanza. Tatizo ni kwamba watu wamemwaga moto wa jehanamu ndani ya kuzimu, vikawa chungu kimoja.

#14 Mlutheri_wa_Kidugala

Mwalimu ahsante. Lile bonde si ndilo lilikuwa dampo la mji, moto wake hauzimiki kwa sababu ya taka?

#15 Mwalimu_wa_Lugha_Njombe

Linahubiriwa sana hilo. Habari ya dampo inaonekana kwa rabi David Kimhi, karibu mwaka 1200, yaani zaidi ya miaka elfu moja baada ya Yesu. Waliomtangulia hawaitaji, na moto wa taka wa kudumu haujapatikana ardhini. Sababu ya Hinomu kuwa jina la mateso ni wale watoto. Damu inatosha, taka hazihitajiki.

#16 Mwafrika_wa_Rungwe

Ndaga fijo mwalimu. Kwa Wanyakyusa waliokufa ni abasyuka, na wako chini. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, aliandika kwamba wazee walimweleza hata Kyala zamani hakuwa juu angani. Habari ya Mungu kukaa juu ilikuja na wamisionari. Wamoraviani walifika Rungwe 1891, nao Walutheri wa Berlin mwaka huo huo, na jina Kyala likachukuliwa kuwa jina la Mungu.

Sasa fikirini: jina lilihama kutoka chini kwenda juu, lakini wafu hawakuhama nalo. Ndiyo maana msiba mmoja una anwani tatu. Mtoa mada hajakutana na mkanganyiko wa mhubiri, kakutana na tabaka tatu za historia zilizopangana.

#17 Tarumbeta_la_Alfajiri

#16 nakubali nusu. Ngulubi, Nguluvi, Kyala, wazee walilijua jina kabla ya mzungu, na mvua waliiomba wakitazama wapi? Yaliyoandikwa ni ya wazee wachache wa bonde moja.

Nirudi kwenye mashariki. Kwetu Wamoraviani kuna Pasaka ya alfajiri makaburini. Ilianza Herrnhut, Ujerumani, 1732: kabla ya jua watu wanapanda makaburini, matarumbeta mbele, na ufufuo unatangazwa jua likichomoza, katikati ya wafu wao. Kule Herrnhut mawe ya kaburi karibu yote yamelazwa, yanalingana, tajiri na maskini, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Safu za ukoo ni nadra. Wafu wameketi kama ibadani.

Kwa hiyo mimi nasema mashariki ni ya walio hai. Ukisimama kichwani pa kaburi alfajiri ile, wewe na marehemu mnatazama upande mmoja. Basi.

#18 Msubiri_Asubuhi

#17 hilo ni zuri, lakini umekubali analala mpaka alfajiri.

#19 Fundi_Zege_Makambako

Wakati mnaamua yuko wapi, mnayomjengea juu yanabomoka. Marumaru yanadondoka, zege linapasuka katikati, halafu ukoo unasema marehemu amekasirika.

Sababu ni hii. Shimo la futi 5 au 6 likifukiwa, udongo unashuka. Msimu mmoja wa masika unaushusha nchi 6 mpaka futi nzima. Miaka inayofuata ubao wa jeneza unaoza na kuanguka, unashuka tena. Ukimwaga jamvi wiki ya mazishi, limekaa juu ya hewa.

Subiri masika moja ipite, Novemba mpaka Aprili, na kila likititia jaza udongo, shindilia. Kisha chimba msingi NJE ya shimo, kwenye udongo ambao haukuguswa, futi 1 kila upande. Jamvi liegemee pale kama daraja, lisitegemee udongo wa ndani. Zege 1:2:4, unene nchi 4, nondo za mm 10 kila nchi 8, njia zote mbili, ziinuliwe kwa vijiwe nchi moja zisilale chini. Mwagilia siku 7. Makete na Njombe penye baridi kali funika kwa turubai usiku. Marumaru yaje baada ya mwezi.

#20 Mngoni_wa_Songea

Fundi, na siku ya parapanda atatokaje chini ya nondo za mm 10?

#21 Fundi_Zege_Makambako

Aliyeliviringisha jiwe la kwanza anajua. Langu ni lisipasuke.

#22 Koleo_na_Mtaimbo

#19 uko sawa ila umeuruka udongo wenyewe. Tukuyu na Kiwira chini kuna mawe mepesi ya volkano, yale yanayoelea ukiyatia kwenye ndoo. Ukifika futi 4 ukuta unamwagika. Huko usichimbe wima. Futi 3 za juu panua nchi 8 kila upande, ziwe kama ngazi, halafu shuka kwa kipimo cha jeneza. Ngazi hiyo inabeba mbao za kufunika, na udongo haugongi jeneza moja kwa moja. Ile ngurumo ya bonge la kwanza kwenye ubao ndiyo inayowaangusha wafiwa. Mbao zikiwepo haisikiki.

Usangu udongo mweusi wa mbuga unavimba na mvua, unapasuka kiangazi. Huko msingi wa fundi uende chini zaidi ya futi 2. Mlimani, mteremko ukishuka magharibi kichwa kitakuwa chini kuliko miguu: sakafu ya shimo lazima ilingane kwa pima maji, vinginevyo maiti anasogea ndani ya jeneza likishushwa. Udongo uliotolewa ukae futi 3 kutoka ukingoni. Na mtaro wa maji juu ya kaburi, Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka.

Kipimo: pima jeneza kwanza, pamoja na vishikio. Urefu ongeza futi 1, upana ongeza nchi 8. Watu wanapima ubao wanasahau vishikio, jeneza linakwama njiani huku mchungaji amefika "mavumbini".

#23 Binti_Kalenga

Hakuna aliyenijibu kuhusu Kalenga. Katekista kasema mwili hauhitaji kuwa mzima. Sawa kwa Mungu. Kwa masoka je?

#24 Mwafrika_wa_Rungwe

Kwa wa chini, dada, ninavyolielewa, udongo ndiyo nyumba. Kilicho nyuma ya kioo kimerudi nchini, bado hakijarudi nyumbani. Ustadhi na Katekista watanipinga.

#25 Ustadhi_Mwanjelwa

Nakupinga kwa heshima. Barzakh haina uhusiano na udongo. Aliyeliwa na samaki naye anaulizwa. Ila kukizika kiungo cha maiti ni haki yake juu ya walio hai, kwa hiyo kwenye kazi tunakutana.

#26 Mama_wa_Ilomba

Nimesoma wote, ahsanteni. Mbeya kuna familia nyingi zilizochanganyika, baba Muislamu, mama Mkristo, na eneo la makaburi la ukoo ni moja. Ustadhi kasema vichwa ni kinyume. Safu moja itakaa?

#27 Koleo_na_Mtaimbo

Inakaa, mama. Mashimo yote ni ya mashariki–magharibi, tofauti ni zile digrii 12 za kibla. Chimba la baba kwa kibla kamili, hilo halipunguzwi. La mama lifuate mstari huo huo, mashariki yake itakosea digrii 12, na Katekista kashasema ni ishara. Acha futi 3 katikati, msingi wa zege upate pa kukaa. Alama ya baba itasimama mashariki, msalaba wa mama magharibi. Watoto wakija kupalilia waache njia pande zote mbili.

#28 Ustadhi_Mwanjelwa

Na la baba lisizidi shubiri moja juu ya ardhi.

#29 Msubiri_Asubuhi

Na la mama msiseme ameshafika.

#30 Katekista_Mafinga

#29 tutarudi kwenye 1 Wathesalonike kesho, nina majibu mawili ya "watafufuliwa kwanza".